Bioteknolojia ianzie kwenye shida za mkulima wa tumbaku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna bioteknolojia, yaani matumizi ya viumbe hai na chembe zao kutengeneza au kuboresha vitu, inavyofundishwa katika shule za sekondari, jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu nikiwa mwalimu wa baiolojia. Mada hii hufundishwa kwa mtindo ule ule karibu kila mahali. Mwanafunzi hupewa maana ya bioteknolojia, akatajiwa matumizi yake katika kilimo, tiba na viwanda, akaandikiwa ubaoni hatua za kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine, kisha akamalizia na faida tano na hasara tano. Kwenye mtihani anajibu vizuri na anapata alama zake. Lakini ukimuuliza ni nani aliyekuwa na shida hata maarifa haya yakatafutwa, au mbinu hiyo aliyoikariri ilishindwa wapi na kwa nini, anakutazama tu. Pendekezo langu ni kwamba mada hii ianzie kwenye shida za mkulima wa tumbaku, na kila mbinu ya kibioteknolojia iingie darasani pale tu shida fulani ya shambani inapoidai.

Natambua kuwa neno tumbaku litawashtua wazazi na walimu wenzangu, na wana haki ya kushtuka. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na mwalimu atakayeileta darasani anapaswa kulisema hilo bila kumung'unya maneno tangu kipindi cha kwanza. Sipendekezi shule zipande tumbaku wala kuisifia. Nasema tu kwamba mmea huu ndio uliobeba sehemu kubwa ya historia ya bioteknolojia ya mimea, na kwamba mkulima wake anakabiliwa na matatizo ya kila aina kwa wakati mmoja: magonjwa, sumu inayomwingia mwilini, kuni, madeni, na soko ambalo nchi nyingi duniani zimekubaliana kulipunguza. Sijui zao jingine linalomlazimisha mwanafunzi kuuliza maswali mengi kiasi hicho juu ya mmea mmoja.

Tuanze na ugonjwa wa batobato. Mkulima anaona majani ya tumbaku yake yana mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichofifia, mengine yamekunjamana, na anajua kwamba jani la namna hiyo likishakaushwa halitakuwa na rangi moja, hivyo litashushwa daraja siku ya kuuza. Anaona pia kwamba ugonjwa unafuata mstari ambao yeye na vibarua wake wamepita wakikata vilele na kuondoa maotea. Hapo mwalimu asiseme neno kirusi. Awaulize wanafunzi: ni kitu gani hiki kinachosafiri kwa mikono ya watu, na mtakijuaje?

Swali hilo ndilo walilojiuliza wataalamu wa karne ya 19. Adolf Mayer, aliyekuwa akifanya kazi Wageningen nchini Uholanzi, alionyesha mwaka 1886 kwamba utomvu wa mche mgonjwa ukiingizwa kwenye mche mzima, mche huo nao huugua. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi alipitisha utomvu huo kwenye kichujio cha kauri chenye vitundu vidogo kiasi cha kuzuia bakteria, lakini utomvu uliochujwa ukaendelea kuambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alirudia kazi hiyo, akasisitiza kwamba hiki si bakteria bali ni kitu cha aina nyingine kinachoongezeka ndani ya seli hai tu, akakiita virusi. Mwaka 1935 Wendell Stanley wa Marekani alikitenga kirusi hicho katika umbo la fuwele, kazi iliyomfanya awe mmoja wa walioshirikiana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1946. Elimu yote ya virusi, pamoja na ile tunayoitegemea tunapougua sisi wenyewe, imeanzia kwenye jani la tumbaku lenye mabaka. Mwanafunzi aliyefikishwa hapo kwa kuulizwa maswali hatasahau tofauti ya bakteria na virusi, kwa kuwa ameiona tofauti hiyo ikitokea kwenye kichujio.

Kabla ya kukimbilia jeni, darasa likae kwanza na mikono ya mkulima, kwa sababu hapo kuna somo ambalo vitabu vingi huliruka. Kirusi cha batobato ya tumbaku ni kigumu ajabu. Hukaa miaka mingi kwenye majani yaliyokwisha kukaushwa, na ndiyo maana mtu anayevuta sigara au kusokota tumbaku kisha akashika miche kitaluni anaweza kuipanda mbegu ya ugonjwa kwa vidole vyake. Wakulima wamefundishwa kwa muda mrefu kunawa kwa sabuni, na pia kuchovya mikono kwenye maziwa yaliyotolewa mafuta wakati wa kuhamisha miche, kwa kuwa protini za maziwa hukifubaza kirusi kisiambukize. Kwa mtoto wa kidato cha tatu jambo hili ni la kushangaza, na mshangao huo ni wa thamani. Unampeleka kwenye umbo la kirusi chenyewe: kijiti chenye urefu wa nanomita 300 hivi, uzi mmoja wa RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya urithi ya kirusi) wenye herufi kama 6,400 umezungukwa na nakala zaidi ya 2,000 za protini moja. Ni jeni chache tu, lakini zinatosha kuharibu shamba zima. Mwanafunzi akilielewa ganda hilo la protini, amepata ufunguo wa sehemu inayofuata.

Sehemu hiyo ni kinga, na hapa mwalimu ana njia mbili za kulinganisha, moja ya kizamani na nyingine mpya, zote zikiwa zimetumika kwa zao lile lile na ugonjwa ule ule. Katika miaka ya 1930 mtafiti wa Marekani, Francis Holmes, aligundua kwamba mmea wa porini uitwao Nicotiana glutinosa, ndugu wa tumbaku, ukiambukizwa kirusi haunyauki wala kupata batobato. Unaua seli chache pale kirusi kilipoingia, panabaki alama ndogo kavu, na kirusi kinakwama hapo hapo. Tabia hiyo inatokana na jeni moja, ambayo wataalamu waliipa jina N, na ilihamishiwa kwenye tumbaku ya kawaida kwa kuzalisha na kurudisha uzao kwa mzazi, kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo, katika tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto, wazalishaji walipata shida: pamoja na jeni N kulikuja kipande cha kromosomu kilichobeba sifa nyingine zisizotakiwa, na mavuno na ubora wa jani vikashuka. Mkulima akabaki na uchaguzi mchungu kati ya mmea usiougua na jani linalolipa. Ni mfano gani bora zaidi wa kufundishia jeni zilizofungamana, yaani zinazorithiwa pamoja? Badala ya kuchora tena njegere za Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, mwanafunzi anapewa swali lenye mtu ndani yake: kama ungekuwa mkulima huyu, ungepanda mbegu ipi msimu huu, na ungetaka kujua nini kabla ya kuamua?

Njia ya pili ilikuja nusu karne baadaye. Mwaka 1983 makundi kadhaa ya watafiti, wakiwamo Jeff Schell na Marc Van Montagu wa Ulaya na Mary-Dell Chilton wa Marekani, yalitangaza kwamba yameweza kuingiza jeni ngeni katika seli za mimea kwa kumtumia bakteria wa udongo, Agrobacterium tumefaciens, ambaye kwa asili yake hupenyeza kipande cha DNA yake ndani ya mmea na kusababisha uvimbe. Mmea uliotumika zaidi katika majaribio hayo ya mwanzo ulikuwa tumbaku, kwa sababu kipande cha jani lake huota mche mzima kwa urahisi kikiwekwa kwenye chupa yenye virutubisho na homoni. Mwaka 1986 Roger Beachy na wenzake wakaonyesha kwamba tumbaku iliyopewa jeni ya kutengeneza protini ya ganda la kirusi huchelewa kuugua batobato au haiugui kabisa. Lile ganda ambalo wanafunzi walilichora wiki iliyopita limekuwa kinga. Mantiki hiyo hiyo ndiyo iliyotumika baadaye kuokoa mipapai ya Hawaii dhidi ya kirusi cha madoa ya pete, na mipapai hiyo ikaanza kugawiwa wakulima mwaka 1998.

Mwalimu akiishia hapo atakuwa amefundisha nusu ya habari, tena nusu ile inayopendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China ilianza kulima kibiashara tumbaku iliyobadilishwa jeni ili istahimili virusi, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kulima zao la aina hiyo kibiashara. Miaka michache baadaye kilimo hicho kilisitishwa, kwa kuwa wanunuzi wa nje hawakuitaka tumbaku hiyo. Mmea ulifanya kazi yake shambani, lakini mnunuzi aliikataa bidhaa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vyetu huweka pingamizi dhidi ya mazao ya aina hii chini ya kichwa cha hasara, kana kwamba ni madhara ya kiafya tu au hofu za watu wasiosoma. Hapa mwanafunzi anakutana na hali halisi ya mkulima: mbegu nzuri isiyo na soko ni hasara kwake, na uamuzi juu ya mbegu hiyo unaweza kufanywa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga shamba lake.

Kuna shida nyingine ya mkulima wa tumbaku ambayo naamini ndiyo inayogusa zaidi, nayo ni nikotini kupenya kwenye ngozi. Anayevuna majani asubuhi yakiwa na umande, au baada ya mvua, nguo zake hulowa, na nikotini iliyo juu ya jani huyeyuka kwenye maji hayo na kuingia mwilini kupitia ngozi. Baada ya saa chache anapata kizunguzungu, kichwa kinauma, anatapika, anaishiwa nguvu. Watu wengi hudhani ni malaria au ni jua kali. Watoto wanaosaidia kuvuna wako hatarini zaidi, kwa sababu miili yao ni midogo na haijazoea nikotini. Nimekutana na wanafunzi waliojua dalili hizi kwa kuwa wameziona nyumbani, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba zina jina na sababu, na kwamba glavu, nguo isiyopitisha maji na kusubiri majani yakauke vinaweza kuzizuia. Kwa mwalimu, hiki ndicho kipindi ambacho hata mwanafunzi wa nyuma kabisa darasani huinua kichwa.

Na kutoka hapo darasa linaweza kuuliza: nikotini hii hutengenezwa wapi ndani ya mmea? Karibu kila mwanafunzi atajibu kwamba hutengenezwa kwenye majani, maana ndiko inakokutwa. Ukweli ulijulikana katika miaka ya 1940 kwa jaribio ambalo ningependa lielezwe katika kila kitabu cha kiada. Watafiti walichukua kikonyo cha tumbaku wakakibebesha, yaani wakakiunganisha, juu ya shina lenye mizizi ya nyanya, na kikonyo cha nyanya wakakibebesha juu ya mizizi ya tumbaku. Hilo linawezekana kwa kuwa mimea hii miwili ni ya familia moja. Tumbaku iliyosimama juu ya mizizi ya nyanya ilikuwa na nikotini kidogo mno. Nyanya iliyosimama juu ya mizizi ya tumbaku ilikutwa na nikotini kwenye majani yake. Mizizi ndiyo kiwanda, na jani ni ghala. Jaribio hilo halihitaji mashine yoyote, linahitaji wembe, utepe na akili iliyotulia, na kwa hilo peke yake mwanafunzi anafundishwa maana ya jaribio linganishi kuliko anavyofundishwa kwa kurasa kumi za maelezo.

Baada ya jaribio hilo, desturi ya mkulima inaanza kueleweka. Mkulima hukata kilele mara tu maua yanapochomoza ili jani linenepe, naye anajua kwa uzoefu kwamba tumbaku iliyokatwa kilele huwa kali zaidi. Mwanabaiolojia anaeleza kwamba kukata kilele kunaondoa chanzo cha homoni ya oksini na kuufanya mmea uitikie kama umejeruhiwa, na miongoni mwa mwitikio huo ni mizizi kuongeza utengenezaji wa nikotini, ambayo kwa mmea ni silaha dhidi ya wadudu. Mkulima na mwanasayansi wanasema jambo moja kwa lugha mbili. Leo jeni za vimeng'enya vinavyotengeneza nikotini kwenye mizizi zinajulikana, na baadhi zimezimwa kwa uhandisi jeni hadi ikapatikana tumbaku yenye nikotini kidogo sana. Wanafunzi wajadili: je, mmea huo utamlinda mvunaji asilewe nikotini? Nani atalinda majani yake na wadudu sasa kwa kuwa silaha imeondolewa, na kwa dawa gani? Ni maswali ya haki, na majibu yake hayamo kwenye orodha ya faida tano na hasara tano.

Kuhusu kuni sitasema mengi, ingawa ni shida kubwa. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani, yaani majengo ya kukaushia, kwa moto wa siku kadhaa mfululizo, na pale ambapo nishati ni kuni, misitu hulipa gharama. Mtu anaweza kusema kwamba bioteknolojia itatoa miti inayokua haraka, na kweli miche ya miti inaweza kuzalishwa kwa wingi kwa njia ya tishu, yaani kukuza vipande vidogo vya mmea kwenye chupa. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye ujenzi wa bani lisilovujisha joto, na hilo ni somo la fizikia. Ni vizuri mwanafunzi wa baiolojia aone mahali ambapo somo lake linapaswa kukaa pembeni.

Kuhusu soko, ningependa walimu wasilikwepe. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005. Wengi wanaujua kwa maonyo kwenye pakiti na marufuku ya matangazo, ila ibara yake ya 17 inazitaka nchi wanachama ziwasaidie wakulima na wafanyakazi wa tumbaku kupata njia nyingine za kujipatia kipato zinazolipa, na ibara ya 18 inahusu kulinda mazingira na afya ya watu katika kilimo chenyewe. Mkulima anayelima kwa mkataba, aliyekopeshwa mbolea na dawa na kusubiri kukatwa deni siku ya mauzo, haachi tumbaku kwa kuambiwa tu kwamba ni mbaya. Anahitaji zao jingine lenye mbegu safi, lenye mnunuzi, na linaloweza kustawi kwenye udongo wake, ambao mara nyingi tayari una minyoo fundo (minyoo midogo inayoshambulia mizizi) na bakteria wa mnyauko. Akihamia nyanya, viazi mviringo au pilipili, magonjwa hayo hayo yanamngoja, kwa kuwa mazao hayo ni ya familia ya tumbaku, na kirusi cha batobato nacho kinaishambulia nyanya. Huu ni uamuzi ambao baiolojia inaweza kumsaidia mtu aufanye vizuri. Mwanafunzi anayejua familia za mimea kwa sababu ya mtihani, hapa anagundua kwamba elimu hiyo ingemwokoa mzazi wake na hasara ya msimu mzima.

Ni katika sehemu hii ndipo bioteknolojia inaporudi kwa namna ya kutia moyo. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha, kwa kutumia tishu za tumbaku, kwamba uwiano wa homoni mbili, oksini na saitokinini, ndio unaoamua kama tishu itaota mizizi au machipukizi. Mwaka 1962 Toshio Murashige na Skoog walichapisha mchanganyiko wa virutubisho walioutengeneza kwa ajili ya tishu za tumbaku, na mchanganyiko huo hadi leo hutumika katika maabara duniani kote kuzalisha miche safi ya migomba, viazi, mihogo, miwa na mazao mengine mengi. Kwa maneno mengine, mche usio na ugonjwa ambao ungemwezesha mkulima kuachana na tumbaku unaweza kuwa umekuzwa kwa maarifa yaliyotokana na tumbaku yenyewe. Darasa likipewa homoni hizo mbili katika jedwali, likaambiwa litabiri ni chupa ipi itaota mizizi na ipi itaota majani, litakuwa linafanya sayansi hata kama shule haina maabara ya maana.

Lipo pia jibu linalovutia sana vijana, nalo ni kuugeuza mmea wa jamii ya tumbaku kuwa kiwanda cha dawa. Katika mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014, dawa ya majaribio ya ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu, ilitengenezwa katika majani ya Nicotiana benthamiana huko Kentucky, Marekani. Agrobacterium aliyebeba jeni hulowekwa ndani ya majani, na kwa siku chache majani hayo hutengeneza protini inayotakiwa, kisha husagwa na protini kuchujwa. Februari 2022 Canada iliidhinisha chanjo ya UVIKO-19 iitwayo Covifenz, iliyotengenezwa na kampuni ya Medicago kwa njia hiyo hiyo. Nawasihi walimu wasiishie kwenye shangwe. ZMapp ilipolinganishwa na dawa nyingine katika majaribio yaliyofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilizidiwa na dawa mbili ambazo hazikutoka kwenye majani ya tumbaku. Covifenz ilikwama kwenye Shirika la Afya Duniani kwa sababu kampuni ya sigara ya Philip Morris International ilikuwa miongoni mwa wenye hisa, na mwaka 2023 mmiliki wa Medicago akatangaza kuifunga kampuni hiyo. Zaidi ya hayo, mmea unaotumika ni ndugu wa tumbaku aliyetoka Australia, unaokuzwa ndani ya nyumba maalumu chini ya uangalizi mkali. Mkulima mdogo mwenye ekari mbili za tumbaku haingii kwenye biashara hiyo. Inaniuma ninapoona vijana wakiambiwa kwamba teknolojia hii itawaokoa wazazi wao, ilhali hakuna njia inayoonekana kutoka shamba la wazazi hao kwenda kwenye kiwanda hicho. Tuwaambie jinsi lilivyo.

Najua swali litakaloulizwa na walimu wenzangu: muda utatoka wapi, na vifaa je? Sehemu kubwa ya haya niliyoyaeleza yanafundishika kwa ubao, picha na mjadala. Kubebesha kunaweza kufanywa kwa nyanya na biringanya, mimea isiyo na hatari kwa mtoto, na kanuni ikaeleweka vile vile. Utomvu wa jani lenye batobato usiletwe shuleni, maana unaweza kuhamia kwenye bustani za nyanya za jirani, na majani mabichi ya tumbaku yasishikwe na wanafunzi kwa mikono mitupu. Kitu kinachohitajika zaidi ni mkulima mmoja au wawili waalikwe darasani, wakae mbele, waulizwe maswali na wajibiwe ya kwao. Mkulima akieleza jinsi ugonjwa ulivyofuata mstari wa vibarua wake, mwalimu hahitaji tena kutafuta mfano.

Ombi langu kubwa ni kwa watunga mitaala na watunga mitihani, kwa sababu walimu hufundisha kinachoulizwa. Maadamu mtihani unauliza "taja faida tano za bioteknolojia", hakuna mwalimu atakayethubutu kutumia vipindi vinne juu ya jani moja lenye mabaka. Swali liandikwe hivi: mkulima ana shamba la tumbaku lenye batobato na mnyauko, anadaiwa pembejeo, na mnunuzi wake hapokei mazao yaliyobadilishwa jeni, eleza ni taarifa zipi ungezikusanya kwanza, ni mbinu ipi ya kibaiolojia ungempendekezea na ipi usingempendekezea, na ni sehemu gani ya shida yake ambayo baiolojia haiwezi kuitatua. Maswali ya namna hiyo yanaweza kuanza na mitihani ya majaribio ya shule wakati mitaala ikisubiriwa, na niko tayari kushirikiana na mwalimu yeyote atakayetaka kuyaandaa.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Baiolojia, shule ya sekondari